Tiba ya mawimbi ya mshtuko kwa nguvu za kiume: maana yake

Neno "mshtuko" ndilo linalowatisha wengi. Mtu akilisikia huwaza umeme. Hakuna umeme unaoingia mwilini. Ni mawimbi ya sauti yenye msukumo mkali na wa ghafla, ndugu wa yale ambayo madaktari wa Munich, Ujerumani, walianza kuyatumia mwaka 1980 kuvunja mawe ya figo bila kupasua. Haya ya uume yamepunguzwa nguvu sana, hayavunji kitu.

Mwaka 2010 daktari Yoram Vardi na wenzake wa Haifa, Israel, walichapisha matokeo ya wanaume 20 waliotibiwa hivi. Mgonjwa hulala chali, hupakwa jeli kama ya ultrasaundi, kisha kichwa cha mashine huegemezwa kwenye uume na kuanza kugonga. Mapigo 300 kila sehemu, sehemu tatu kwenye uume wenyewe na mbili kwenye mizizi yake, jumla 1,500. Hachomwi ganzi. Wanaume hao walikwenda mara mbili kwa wiki kwa wiki tatu, wakapumzika wiki tatu, kisha wakarudia.

Kwa nini kugonga? Uume husimama kwa damu. Kisukari, presha na sigara huharibu mishipa, damu ikafika kidogo. Kidonge cha sildenafil (Viagra) hufungua njia kwa saa chache tu. Mawimbi yanalenga kuamsha mwili uoteshe vimishipa vipya. Kwa wanyama wa maabara hilo limeonekana. Kwa binadamu wapo waliopata nafuu, hasa wale ambao mishipa yao haijaharibika sana, lakini tafiti nyingi ni ndogo na hazikubaliani. Ndiyo maana mwaka 2018 chama cha madaktari wa njia ya mkojo cha Marekani kiliiweka kwenye tiba za majaribio. Na kama chanzo chako ni msongo wa mawazo au homoni kupungua, basi mawimbi haya hayagusi chanzo hicho.

Jambo linaloniuma ni mashine. Zipo zinazokusanya mawimbi yakafika ndani, na zipo zinazoyatawanya, zile za kutibu maumivu ya kisigino na bega, ambazo nguvu yake huishia karibu na ngozi. Zote mbili huuzwa kwa jina moja. Uliza ni ipi kabla hujatoa hata shilingi.

Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo mara nyingi huanza kuonyesha shida mapema, wakati kifua bado hakijauma. Kliniki ikitaka kukulaza kitandani siku ya kwanza bila kukupima sukari, presha na mafuta kwenye damu, nakusihi uinuke uende ukapime kwingine kwanza.