"Prudence" si jina la heshima la woga: dhana potofu na ukweli

Anayesoma Kiingereza hukutana na neno "prudence" katika habari za benki, katika hukumu za mahakama na katika mahubiri. Akifungua kamusi hupata jibu fupi: busara, hadhari. Jibu hilo si kosa. Ila neno lenyewe lina umri wa zaidi ya miaka 2,000 ukihesabu tangu Kilatini, na katika safari hiyo limebandikwa maana ambazo si zake. Inayoniuma zaidi ni ile inayompa mwoga kisingizio.

Dhana: "Prudence" maana yake ni kutojiingiza. Ukiwa na shaka, kaa kando.

Ukweli: Neno hili liliingia Kiingereza katika karne ya 14 kupitia Kifaransa cha kale, likitokea Kilatini, ambako ni prudentia. Prudentia nayo ni mkato wa providentia, na humo kuna vipande viwili: pro, yaani mbele, na videre, yaani kuona. Mwenye prudentia ni aonaye mambo kabla hayajafika. Woga haumo kwenye mzizi huo. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kushawishiwa sana hapa, kwa sababu busara yetu nayo imetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuona. Kilatini na Kiarabu hazina nasaba moja, lakini zote mbili zilipotafuta jina la sifa hii zilikwenda kwenye jicho.

Na huko kuona kulikusudiwa kuzaa tendo. Wagiriki waliiita sifa hii phronesis, na Cicero, msemaji na mwandishi wa Kirumi, alipotaka kuwaeleza Warumi wenzake neno hilo la Kigiriki alichagua prudentia. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, katika kitabu chake cha maadili, anaieleza phronesis kuwa ni uwezo wa kuamua vizuri mambo ya kutenda, kisha anakumbusha usemi wa watu wa zama zake: shauri ulifikirie taratibu, ukishakata shauri utekeleze haraka.

Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kikatoliki wa karne ya 13, alilichambua jambo hili kwa undani. Aliorodhesha sehemu nane za prudentia: kumbukumbu, uelewa, utayari wa kufundishwa, wepesi wa kung'amua, kupima hoja, kuona mbele, kuyazingatia mazingira, na tahadhari. Tahadhari ni moja kati ya nane, tena inakuja mwisho. Alitaja pia kazi tatu za sifa hii, yaani kutafuta ushauri, kupima, na kuamuru jambo lifanyike, na akasema iliyo kuu ni hiyo ya tatu. Kwa hiyo mtu anayepima mpaka nafasi ikampita, kwa mizani ya Aquinas, ameikosa prudence yenyewe. Uzembe wa kutotekeleza aliuweka kati ya kasoro zinazopingana nayo.

Mahakama nazo zimewahi kulikabili swali hili. Mwaka 1830, huko Massachusetts nchini Marekani, iliamuliwa kesi ambayo bado inatajwa na wanasheria wa amana, yaani mali inayosimamiwa na wadhamini kwa faida ya watu wengine. John McLean aliacha wosia wa dola 50,000 mikononi mwa wadhamini. Mjane wake angekula mapato yake, na baada ya kufa kwake fedha zingegawanywa kati ya chuo cha Harvard na hospitali moja. Wadhamini walinunua hisa za viwanda na za bima, thamani ya hisa ikaporomoka, wakashtakiwa. Jaji Samuel Putnam hakuwatia hatiani. Fanya utakalo, aliandika, mtaji uko hatarini. Kipimo alichokiweka ni jinsi watu wenye prudence na akili wanavyoyaendesha mambo yao wenyewe, wakitazama mapato yanayotarajiwa pamoja na usalama wa mtaji. Wadhamini walikuwa wamepata hasara, na bado mahakama iliona kwamba wametenda kwa busara. Matokeo mabaya peke yake hayathibitishi kwamba uamuzi ulikuwa mbaya, na ningependa kila anayehukumu maamuzi ya wengine akumbuke hilo.

Dhana: "Prudence" ni ndugu wa "prude", mtu mwenye haya za kupindukia.

Ukweli: Yanafanana sura tu. "Prude" ni ufupisho wa neno la Kifaransa lililomaanisha mwanamke mwema, mwenye kuheshimika, na mwenzake wa kiume ni prud'homme. Hayo yametokana na kitenzi cha Kilatini prodesse, chenye maana ya kufaa au kuleta manufaa, na humo hakuna habari ya kuona. Waingereza walilichukua "prude" mwanzoni mwa karne ya 18 likiwa tayari lina kejeli ndani yake. Ajabu ni kwamba mzizi huohuo wa kufaa ndio uliozaa "proud", mwenye kujivuna. Kwa Wafaransa ile heshima ya zamani haijafutika: mahakama zao za migogoro ya kazi bado huitwa conseils de prud'hommes, na ya kwanza ilianzishwa Lyon mwaka 1806.

Ndugu halisi wa "prudence" ni "providence", "provide", na hata "improvise", ambalo asili yake ni jambo lisiloonwa kabla. "Jurisprudence" nalo limo katika ukoo huu. Ni prudentia ya sheria, na Warumi waliwaita wajuzi wa sheria prudentes.

Dhana: Ni sifa ya wazee.

Ukweli: Aristotle alikiri kwamba kijana anaweza kuwa bingwa wa jiometri lakini si rahisi awe na phronesis, kwa kuwa hiyo hudai uzoefu wa mambo mojamoja, na uzoefu hudai muda. Lakini miaka peke yake haitoshi. Aquinas aliposema utayari wa kufundishwa ni sehemu ya sifa hii, hakumwachilia mzee wala msomi: hata wao hawana budi kuwa tayari kufundishwa.

Dhana: Ni ujanja wa kujitafutia maslahi.

Ukweli: Dhana hii ina chembe ya haki, maana Kiingereza cha leo mara nyingi hulitumia neno hili kwa mtu anayelinda maslahi yake. Adam Smith, mwanafalsafa na mwanauchumi wa Uskoti, katika toleo la 1790 la kitabu chake cha maadili, alikubali kwamba prudence ya kawaida huangalia afya, mali, cheo na sifa ya mtu mwenyewe, na kwamba watu huiheshimu kwa ubaridi. Lakini hapohapo alitaja iliyo juu zaidi, ile inayoungana na ushujaa, wema na haki. Aristotle alikuwa ameshatenganisha werevu na phronesis: mwerevu hufikia lengo lolote, hata ovu. Katika Injili ya Mathayo, "iweni na busara kama nyoka" na wanawali watano wenye busara waliobeba mafuta ya akiba hutumia neno moja la Kigiriki, phronimos, na Biblia ya Kilatini ikaliweka kuwa prudentes. Wanawali wale hawakumlaghai mtu. Waliona kwamba bwana harusi anaweza kuchelewa, wakajiandaa.

Dhana: Ni kubana fedha tu.

Ukweli: Fedha ni uwanja mmoja ambamo sifa hii hutumika, na kampuni ya bima ya Prudential, iliyoanzishwa London mwaka 1848, imesaidia kulifunga neno hili humo. Hata wahasibu, ambao kwao prudence ni kanuni ya kutozidisha faida wala mali kwenye vitabu, wamebishana kuihusu. Bodi ya kimataifa ya viwango vya uhasibu iliiondoa kwenye mfumo wake wa dhana, yaani misingi inayoongoza viwango vyake, mwaka 2010, kisha ikairudisha mwaka 2018 kwa sharti la wazi: kanuni hii haimruhusu mhasibu kupunguza thamani ya mali au kukuza madeni kuliko yalivyo.