Betri ya Nissan Leaf kwenye joto: feni ifungwe wapi, na wapi pasiguswe

Kila msimu wa joto, wenye magari ya umeme ya Nissan Leaf yaliyotumika hutuuliza kama betri inaweza kufungiwa feni au mabomba ya maji ili isipate moto. Kwa kiasi fulani inawezekana. Tunaandika kwa sababu baadhi ya njia zinazopendekezwa zinaweza kuua fundi au kuharibu betri nzima.

Leaf za vizazi viwili vya kwanza hazina maji ya kupoza betri, wala feni ya kuipulizia. Seli zimo ndani ya sanduku la chuma lililozibwa chini ya sakafu, na joto lazima lipenye chuma hicho ndipo litoke. Mwaka 2012 wamiliki wa Phoenix, Arizona, walilalamika hadharani kuwa betri zao zinapoteza uwezo upesi kwa sababu ya joto. Nissan hawakukosa ujuzi wa kulitatua hilo: gari lao la mizigo, e-NV200, lilitengenezwa likiwa na njia ya kupoza betri kwa hewa ya kiyoyozi.

Joto kubwa zaidi hutokana na mkondo wa umeme, nalo halipandi sawia. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linalozalishwa ndani ya seli huongezeka mara nne. Chaja ya nyumbani ya kilowati 3.3 hupitisha takriban ampea 9 kwenye betri, ilhali chaja ya haraka inaweza kufika ampea 120 na zaidi. Ukichaji haraka, ukakimbiza gari barabara kuu, kisha ukachaji haraka tena, joto la mara ya kwanza bado limo. Betri ina uzito wa kilo karibu 300, kwa hiyo kupoa kwake ni kazi ya saa nyingi.

Feni inayopuliza sanduku kwa nje inasaidia, hasa gari likiwa limesimama, maana hapo hakuna upepo wa njiani. Njia tunayoipendelea ndiyo rahisi kuliko zote: gari likiwa kwenye banda kavu, weka feni ya kawaida sakafuni ielekee uvunguni wakati wa kuchaji na baada yake. Ukitaka feni za kudumu za volti 12, zifungwe kwenye fremu na si kwenye sanduku la betri, ziwe za kustahimili maji, na waya wake uwe na fyuzi karibu kabisa na betri ndogo ya volti 12. Zikiachwa zikifanya kazi usiku kucha bila chaja, asubuhi betri ndogo itakuwa imekwisha na gari halitawaka.

Kutoboa sanduku ni jambo jingine kabisa. Ndani mna volti 350 hivi, tena za umeme wa moja kwa moja (DC). Hata plagi ya usalama ya rangi ya chungwa ikichomolewa, seli hazizimiki. Makundi yake bado yana umeme wa kutosha kuua. Halafu kuna unyevu. Hewa ya Mombasa au Dar es Salaam ikiingia kwenye sanduku lililopozwa kwa kiyoyozi au bomba la maji baridi, hutona matone juu ya viunganishi. Matokeo yake ni kutu, kuvuja kwa umeme na hatari ya moto. Kwa sababu hiyo hatushauri mabomba ya maji ndani ya betri hizi, hata kama fundi ni hodari.

Kabla ya kununua chochote, pima. Kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi wa gari, pamoja na programu ya LeafSpy, kitakuonyesha nyuzi joto za betri yenyewe. Andika kipimo baada ya safari, kisha saa mbili baadaye, siku moja bila feni na nyingine ukiwa na feni, hali ya hewa ikiwa inafanana. Ukiona tofauti ni ndogo, hamishia kuchaji kwako alfajiri, ishia asilimia 80 siku za kawaida, na uegeshe kivulini. Mistari ya uwezo iliyokwisha kupotea kwenye dashibodi haitarudishwa na feni yoyote.