Athari si madhara, na waya hazina kosa

Wiki iliyopita mpwa wangu alitolewa waya za meno. Meno yamenyooka, ila yana madoa meupe kama chokaa. Dada akatikisa kichwa: "Hayo ndiyo madhara ya waya." Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno.

Athari ya tiba ni chochote inachokiacha mwilini, kizuri au kibaya. Madhara ni kile kinachokuumiza. Maneno yote mawili asili yake ni Kiarabu, lakini hayakuzaliwa nyumba moja. Athari ni alama, kama wayo unaobaki mchangani mtu akishapita. Wayo hausemi kama aliyepita ni mwizi au mgeni. Madhara ni nduguye dhara na kudhuru, na humo lawama imo tayari.

Jino likisukumwa, mfupa wa taya huliwa upande linakoelekea na kujengeka upande linakotoka. Hiyo ni athari, tena ndiyo tiba yenyewe. Meno kuuma siku mbili tatu waya zikikazwa, athari. Ncha ya mzizi kupungua kidogo, kiasi cha kuonekana kwenye eksirei tu, athari. Mzizi ukifupika sana ndipo tuseme madhara, na daktari husitisha kukaza kwa miezi kadhaa.

Na yale madoa? Ni kazi ya ukoga. Vibati, vile vidude vinavyogandishwa kwenye jino kushika waya, vinaupa maficho, bakteria wanakula sukari ya soda na kutoa asidi, asidi inachota madini ya jino. Mwezi mmoja wa uzembe unatosha. Nilimwambia mpwa wangu afungue mdomo dirishani: weupe umezunguka pale kibati kilipokaa, katikati pasafi, kama ukutani picha ilipoondolewa. (Watu wa Arusha, madoa ya maji yenye floraidi nyingi ni mengine, jino huota nayo.) Kinga ya madoa ya mpwa wangu ilikuwa mswaki juu na chini ya kila kibati, dawa ya meno yenye floraidi, na soda kidogo. Waya ikichoma shavu, nta ya kuifunika ipo. Meno yakirudi yalikotoka baadaye, uliza kwanza riteina, kifaa cha kuyashikilia meno waya zikishatolewa, inalala wapi: mdomoni au kabatini.

Kwa hiyo, dada yangu, usiseme waya zimemharibu mtoto. Sema hakusugua vizuri, nasi hatukumkagua.