Sigara Zilizopita Forodhani kwa Jina la Michezo

Ukitaja ufisadi michezoni, wengi huwaza refa aliyehongwa. Nikifundisha fedha za umma, mimi huanzia kwenye katoni za sigara zilizoingia Urusi miaka ya 1990.

Enzi za Kisovieti klabu haikuumiza kichwa kutafuta mapato. CSKA ilikuwa ya jeshi, Dynamo ya polisi na usalama, Spartak ya vyama vya wafanyakazi. Dola lile lilipovunjika Desemba 1991, bomba la fedha likakauka. Mwaka 1993 CSKA, vigogo wa hoki ya barafuni, wakauza nusu ya timu kwa wamiliki wa Pittsburgh Penguins ya Marekani. Kisa hicho kimo katika filamu ya matukio halisi, Red Penguins, hadi dubu walioletwa uwanjani kugawa bia. Dubu wanachekesha, ila fedha nono haikuwa kwenye barafu.

Ilikuwa forodhani. Mwaka 1992 ulianzishwa Mfuko wa Taifa wa Michezo, nyuma yake akiwa Shamil Tarpischev, kocha wa tenisi wa Rais Boris Yeltsin. Mfuko ukaruhusiwa kuingiza pombe na sigara bila kulipa ushuru, eti faida ilee wanamichezo. Sasa piga hesabu: mwenzako analipa ushuru, wewe hulipi, na sokoni mnauza bei moja. Ile tofauti yote inabaki mfukoni mwako. Wala haionekani kwenye bajeti, maana serikali haikutoa kitu. Iliacha tu kupokea. Kibali chenyewe kikawa mali kuliko mzigo.

Shirika la Fedha la Kimataifa lilishinikiza, na mwaka 1995 misamaha ikafutwa. Hata hivyo damu ilimwagika. Juni 1996 Boris Fyodorov, aliyeuongoza mfuko huo, alipigwa risasi na kuchomwa kisu, akapona. Aprili 1997 Valentin Sych, rais wa shirikisho la hoki, lililowahi nalo kufaidi msamaha kama huo, aliuawa kwa risasi garini. Miezi miwili baadaye akauawa Larisa Nechayeva, mkurugenzi mkuu wa Spartak. Siviunganishi vifo hivi kwa kamba moja. Ninachojua ni kwamba wakati ule kuongoza michezo kulikuwa kukalia fedha.

Wanafunzi huuliza: basi serikali isisaidie michezo? Isaidie, kwa ruzuku iliyoandikwa kwenye bajeti, yenye kiasi na jina la mpokeaji, ili mkaguzi ajue pa kuanzia.