Redio ya ridhaa Kigoma na Tabora: yanayosemwa kuhusu umeme na antena, na ukweli wake

Redio ya ridhaa ni ya kuzungumza na wengine hewani kwa kujifurahisha, si kwa biashara. Umepata leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na alama ya wito (jina lako la hewani) inayoanza na 5H, redio ya wati 100 ipo mezani, lakini Tabora hawakusikii. Lawama zote huangukia redio. Mara nyingi redio ni nzima: zilizopungua ni volti zinazoifikia, au wati zinazofika kwenye antena.

“Betri inasoma 12.6, kwa hiyo umeme upo”

Hiyo 12.6 ni ya betri iliyopumzika. Redio ya wati 100 ikipokea inakula ampea 1 hadi 2, ila ukibonyeza maiki na kuongea inavuta hadi 20 hivi. Redio nyingi za aina hii zimetengenezwa kwa volti 13.8, na huvumilia kupanda au kushuka kwa asilimia 15. Chini ya 11.7 usiidai kitu.

Sasa tuseme betri iko mita 5 kutoka mezani na umetumia waya wa nyumba wa milimita za mraba 2.5. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 10. Ampea 20 zikipita humo, karibu volti 1.5 zinapotelea njiani. Betri nayo ikibanwa hushuka, tuseme hadi 12.2, na redio inabaki na 10.7. Hapo ndipo taa ya skrini inafifia kila unapotamka kwa nguvu, sauti inakwaruza, au redio inajizima. Ukiachia maiki na kupima, unakuta 12.6 palepale, unaanza kufungua redio isiyo na kosa.

Pima kwenye plagi ya nyuma ya redio huku mwenzako akirusha. Kisha sogeza betri ibaki mita 2 na uweke waya wa 6. Upotevu utashuka hadi robo ya volti. Funga kwa lagi (vichwa vya chuma vya waya) zilizobanwa vizuri, maana waya uliosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa selotepu hupata moto na kuongeza upotevu. Fyuzi ya ampea 25 au 30 ikae jirani kabisa na upande chanya wa betri. Ikikaa kwenye redio tu, waya ukichunika katikati hakuna cha kuulinda.

Betri ikiwa dhaifu, shusha nguvu hadi wati 50. Anayekusikiliza atapoteza nusu tu ya alama moja ya mita ya S, ile inayoonyesha nguvu ya mawimbi yanayopokelewa.

“Paneli ya volti 12 unaichomeka moja kwa moja”

Usifanye hivyo. Jua likiwaka na paneli haina mzigo, hutoa volti 21 au 22, na redio inaweza kuungua. Pitia chaji kontrola, kifaa kinachodhibiti umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, kisha betri. Ukisikia mvumo mkali kwenye masafa ya 7 MHz mchana, tenganisha paneli kwa dakika moja: mvumo ukikatika, kelele inatoka kwenye kontrola, si hewani. Na kutoka betri kwenda inveta, kisha pawa saplai, ndipo redio, ni kupoteza umeme mara mbili na kuongeza kelele.

“SWR ikiwa 1 kwa 1, antena ni nzuri”

SWR ni kipimo kinachoonyesha nguvu kiasi gani inarudishwa badala ya kupokelewa na antena. Kizuizi cha omu 50 kinachofungwa mahali pa antena kwa majaribio husoma 1 kwa 1, na hakirushi chochote cha maana. Kebo ndefu iliyoingia maji nayo huonyesha SWR nzuri, kwa sababu inameza wimbi linaloenda na linalorudi. Kwa upande mwingine, watu wanahangaika bure na 1.5, ambayo hurudisha asilimia 4 tu ya nguvu. Ya 2 hurudisha asilimia 11. Kwenye 3, asilimia 25, redio nyingi hujipunguzia nguvu zenyewe.

Tyuna, kifaa cha kulinganisha redio na antena, ikiwa mezani huiridhisha redio tu. Upotevu wa kwenye kebo unabaki palepale. Anza na antena yenyewe. Kwa dipole, yaani antena ya waya mbili zinazolingana zinazokutana na kebo katikati, gawa 143 kwa masafa ya MHz: kwa 7.1 MHz unapata mita 20.14, yaani mita 10.07 kila upande. Kata mita 10.4 kila upande, pandisha, pima kwenye 7.050, 7.100 na 7.150. SWR ikiwa bora kadiri unavyoshuka, waya ni mrefu. Kusogea kHz 100 ni kama sentimita 14 kila upande. Kunja ncha kwanza, usikate. Waya wenye ganda huhitaji kupunguzwa zaidi kuliko hesabu inavyosema.

SWR ikibadilika unapobadilisha urefu wa kebo, umeme wa redio unapita juu ya upande wa nje wa kebo. Ili kuuzuia, viringisha mita 4.5 za kebo mizunguko 6 karibu kabisa na katikati ya dipole.

“Antena ikiwa juu zaidi, unafika popote”

Kigoma hadi Tabora ni takriban kilomita 350 kwa mstari ulionyooka. Kwa umbali huo, mchana kwenye 7 MHz, wimbi linatakiwa lipande karibu wima na kurudi chini, na dipole iliyofungwa mita 8 kwenye mwembe inaifanya kazi hiyo vizuri. Ncha zake zikae mahali watoto hawafikii, maana ukirusha hubeba volti mamia na kuunguza ngozi.

“Nina kizuia radi, sina wasiwasi”

Hakizuii radi inayopiga antena yenyewe. Msimu wa mvua, chomoa kebo ya antena na waya wa betri kabla wingu halijafika, na mdomo wa kebo uache nje ya nyumba.