Kwa nini mizigo ya ukumbi wa jamii huzungushwa wakati mlango wa dharura uko pale pale?

Gari la mizigo limeegeshwa nyuma ya ukumbi. Mlango wa chuma uko hatua chache kutoka jukwaani, na stoo ya viti iko ubavuni mwake. Hata hivyo dereva anaambiwa azunguke: aingie mlango wa mbele, akate kulia kwenye korido, apite vyooni, kisha awaombe waliomo ukumbini wampishe na toroli lake. Anayeliona hili kwa mara ya kwanza hudhani msanifu wa jengo alisinzia kazini.

Mara nyingi hakusinzia. Utazame ule mlango wa chuma kwa nje: hauna kitasa. Kwa ndani una chuma kirefu kilicholala kwa upana wa mlango, ambacho ukikisukuma kwa kiganja, kiuno au hata mgongo, komeo linaachia na mlango unafunguka kuelekea nje. Ni mlango wa kutokea tu. Huenda pia una king'ora kinacholia mara unapofunguliwa.

Ukali huu una historia. Tarehe 16 Juni 1883, katika ukumbi wa Victoria Hall mjini Sunderland, Uingereza, watoto waliokuwa ghorofani waliona zawadi zikigawiwa chini, wakateremka ngazi mbio. Mlango wa chini ulifunguka kuelekea ndani, na ulikuwa umefungwa kwa komeo likiacha upenyo wa kupita mtoto mmoja mmoja tu. Inaaminika ulifungwa hivyo ili iwe rahisi kukagua tiketi. Watoto 183 walifariki kwa kukanyagana na kukosa hewa. Hapakuwa na moto wowote, palikuwa na mlango uliopangwa kwa ajili ya urahisi wa wasimamizi. Miaka michache baadaye, mwaka 1892, Robert Alexander Briggs alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya komeo la kusukuma, babu wa yale tuyaonayo leo.

Tangu hapo kanuni za ujenzi zimejengwa juu ya swali moja: watu waliomo watatokaje? Mzigo utaingiaje ni swali ambalo kwa sehemu kubwa halikuulizwa kabisa. Chukua kanuni ya IBC, ambayo ndiyo msingi wa sheria za ujenzi katika sehemu kubwa ya Marekani. Kwa jengo lisilo na vinyunyizio vya kuzima moto, upana wa njia ya kutokea hupatikana kwa kuzidisha idadi ya watu kwa milimita 5 hivi kwenye sehemu tambarare, na milimita 7.6 kwenye ngazi. Ukumbi wa watu 200 unahitaji upana wa jumla wa mita moja hivi kwenye milango, na mita moja na nusu kwenye ngazi, ukigawanywa kwenye milango isiyopungua miwili. Piga hesabu hiyo mara ngapi utakavyo, hutakuta piano wala toroli la meza mahali popote.

Na kwenye kona ya korido ndipo balaa linapoanzia. Korido ya kutokea inayohudumia watu 50 au zaidi, kwa kanuni hiyo hiyo, isipungue takriban mita 1.12. Kwa mtu anayetembea ni njia pana. Sasa ipinde kwa pembe mraba, halafu sukuma toroli lenye meza za kukunja zilizolazwa bapa, kila moja ikiwa na urefu wa mita 1.83 na upana wa sentimita 76. Haitapita. Hesabu ya pembe inasema kitu kigumu chenye upana huo, kikibaki kimelala, hakiwezi kuikata kona ile kikizidi urefu wa mita 1.65. Ongeza upana wa korido hadi mita 1.2 na kikomo kinapanda hadi mita 1.87: meza zinapita kwa kuchubua ukuta kidogo. Sentimita nane tu! Mkaguzi hana kosa la kuandika, korido imetimiza sheria, na wahudumu watabeba meza moja moja wakiwa wamezisimamisha kwa ubavu hadi jengo litakapobomolewa.

Je, mzigo unaweza kupitishwa kwenye njia ya dharura? Watu wengi hudhani imepigwa marufuku moja kwa moja, lakini kwa kawaida kinachokatazwa ni kitu kukaa humo. Korido ya kawaida inayoelekea mlangoni ni njia ya kila siku, na toroli linalopita likaondoka halizibi kitu. Katoni zinazoachwa hapo "kwa dakika mbili" ndizo zinazozaa ugomvi na zimamoto. Masharti hukaza zaidi ndani ya ngazi na vijia vilivyozungushiwa kuta za kuhimili moto. Humo haruhusiwi mtu kuweka stoo, na hata milango inayoruhusiwa kufungukia humo ni ile michache tu inayohitajika kwa kutoka.

Kabari ndiyo adui mkubwa kuliko toroli. Mlango wa kuzuia moto hujifunga wenyewe ili moshi usiingie koridoni, na anayepitisha mizigo mikono ikiwa imejaa huona raha kuuchomekea kipande cha ubao chini. Moto ukitokea dakika hiyo, ule mlango ni pambo. Dawa inayokubalika ni sumaku ya ukutani inayoushikilia mlango wazi na kuuachia king'ora kinapolia. Ina gharama, ndiyo, lakini sijaona ubao uliowahi kusikia king'ora.

Sheria haiishii kizingitini pia. Njia ya kutokea inahesabiwa hadi mtu afike barabarani au mahali salama, kwa hiyo gari lililoegeshwa limeugusa mlango wa dharura limeuziba sawasawa na kabati lililowekwa ndani. Hiyo peke yake inatosha kumfanya dereva wetu azungushwe.

Rampu nayo ina kisa chake. Kwa kanuni ya IBC, ile ambayo watu huitumia kutokea isizidi mwinuko wa 1 kwa 12, maana yake kupanda sentimita 60 kunahitaji rampu ya mita 7.2, mbali na sehemu tambarare za kupumzikia. Ya mizigo pekee inaweza kuruhusiwa hadi 1 kwa 8, ambayo ni mita 4.8 tu. Ikiwa kiwanja ni kidogo, mchoraji huweka moja ya kutumiwa na wote, nayo hukaa kwenye mlango wa mbele, anakoingia mtu mwenye kiti cha magurudumu. Mizigo inafuata huko huko.

Majengo mengi ya jamii hayakuanza yakiwa kumbi. Yalikuwa maghala, shule au nyumba za ibada, yakabadilishiwa matumizi, na mabadiliko hayo ndiyo yanayoamsha masharti mapya: milango ya dharura inaongezwa, ngazi zinazungushiwa kuta, na mlango mpana wa zamani wa kupokelea mizigo unageuka njia ya kutokea. Mnaopanga ukarabati, mpeni msanifu vipimo vya kitu kikubwa zaidi mtakachokuwa mnakiingiza, na mumtake achore njia yake kutoka garini hadi stoo kabla michoro haijapelekwa kuombewa kibali. Kusogeza ukuta kwenye karatasi ni kazi ya asubuhi moja. Na jengo likiwa tayari limesimama, mlango wa ubawa mmoja na nusu, yaani ubawa mmoja mpana na mwingine mwembamba, ambapo ule mwembamba hufunguliwa siku ya mizigo tu, mara nyingi hutosha bila kubomoa kona.