Mbawakawa wa milimita nne kutoka Rwenzori

Ndugu yake mmoja tunamjua sote: yule mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, anayefuata taa wakati wa mvua. Ukimponda shingoni usiku, kesho yake ngozi imebabuka kama iliyomwagiwa maji ya moto. Wanamwita nzi wa Nairobi, lakini si nzi. Ni mbawakawa wa familia ya Stafilinide, yenye spishi zaidi ya 60,000 zilizokwisha kupewa majina. Mabawa yao magumu ya juu ni mafupi, kama kizibao kisichofika kiunoni, na tumbo lote linabaki nje.

Huyu wangu hababui mtu, na kwenye taa haji, maana hawezi kuruka. Nilimpata Rwenzori, juu kidogo ya kambi ya Nyabitaba, karibu mita 2,700, mianzi inapoanza kusongamana na kuvumwani kumefunika kila shina. Ukishapata vibali, kazi yenyewe ni ya mikono. Unazoa majani yaliyooza, unayachekecha, kisha chenga zake unazitia katika mfuko wa wavu ulioning'inizwa ndani ya mfuko wa kitambaa. Chenga zikianza kukauka wadudu hukimbilia chini kutafuta unyevu, wakaangukia kwenye chupa ya alkoholi.

Mzee aliyenibebea vifaa, Mkonzo wa pale pale chini ya mlima, aliinamia chupa akaniuliza, "Mwanangu, huyu ana jina?"

"Bado sijui, mzee."

Kulijibu swali lile kumenichukua miaka miwili. Msituni unapata mdudu tu; upya wake unathibitishwa mezani. Kwa macho, na hata kwa hadubini, huyu hatofautiani na jamaa zake watatu au wanne. Inabidi umlainishe dume, utoe kiungo chake cha uzazi chenye urefu usiofika milimita moja, ukisafishe kwa hidroksidi ya potasiamu mpaka kiwe angavu, kisha ukichore kwa upande na kwa chini. Hapo ndipo spishi hutengana. Cha huyu kina ncha iliyopinda kama ndoana, na ndani yake vijino viwili visivyolingana. Nilipasua madume kumi na moja, na wote walikuwa hivyo hivyo.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni tumbo. Jamaa zake wanaoruka wana ushungi mweupe wa vinyweleo kwenye ukingo wa nyuma wa pingili ya tano inayoonekana, na tumbo hilo ndilo linalosaidia kukunja mabawa laini chini ya kizibao. Kwa huyu ushungi haupo kabisa. Mabawa laini yamebaki vijipande, mabega yamekuwa membamba. Mdudu wa namna hii havuki bonde lenye joto. Kwake Rwenzori ni kisiwa, na Elgon ni kisiwa kingine, ndiyo maana kila mlima unaweza kuwa na spishi zake. Msitu wake ukikatwa, hana pa kuhamia.

Nilipoteza msimu mzima kwa sababu ya wino. Vichupa vya safari ya kwanza viliandikwa kwa kalamu ya kawaida, alkoholi ikafuta kila kitu, nikabaki na madume safi yasiyo na mahali wala tarehe. Kielelezo cha namna hiyo hakifai kubeba jina la spishi. Nilipanda tena, safari hii na penseli.

Ilibidi pia nilinganishe na vielelezo vya zamani. Msafara wa makumbusho ya London ulikusanya wadudu Rwenzori mwaka 1934 na 1935, na kwa kanuni zetu, zinazohesabu majina ya wanyama tangu 1758, jina la kwanza kuchapishwa ndilo linaloshinda. Kama mtu alishamwelezea miaka tisini iliyopita, jina langu lingekuwa bure. Nimekagua vyote nilivyoweza kufikia. Hayumo.

Sasa dume mmoja amegundishwa kwenye kikaratasi, na chini yake kuna lebo nyekundu ya holotipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi. Jina nimeshachagua, ila hapa silitaji: jina lisiloambatana na maelezo yaliyochapishwa halina hadhi, na likizagaa mapema huleta vurugu kwa watakaofuata. Nimemwambia mtu mmoja tu, kwa simu. Mzee alilirudia polepole mara tatu, akaniuliza linaandikwaje.